Saini ya Mwenzako

Jumatatu, 3 Juni
Raundi tatu za uzio wa kambi, saa kumi na moja alfajiri. Baridi. Ng'ambo ya waya wameanza kupuliza mikorosho salfa, koo linawasha. Mtihani wa mbio ni tarehe 21, kilomita tano. Nimeshashindwa mara mbili. Safari hii nikishindwa mkataba hauongezwi, narudi Chinongwe kuvuna ufuta. Nafasi ya wanawake kwenye kozi ya usajini ni moja tu. Tunaigombea wawili: mimi na Koplo Zainabu, jirani yangu wa chumba. Yeye mbio alishafaulu.

Jumanne, 4 Juni
Tangazo jipya ubaoni. Marufuku kukimbia kabla ya saa kumi na mbili. Nani mwingine anakimbia muda ule? Mimi tu.

Alhamisi, 6 Juni
Lingine. Suruali ya mazoezi iwe ya kijani. Yangu nyeusi, niliinunua sokoni Nachingwea. Nimeazima ya mtu, inanivuka kiunoni. Nakimbia nimeishikilia kama mwizi wa mahindi. Nilimuuliza sajini meja sababu. "Amri haina maelezo, Koplo." Kuna mtu anampelekea maneno.

Jumatatu, 10 Juni
La leo limenimaliza. Hakuna kukimbia peke yako. Wawili wawili, na wote wawili wasaini daftari la getini, ukurasa mpya kila siku, kabla ya saa mbili. Zainabu goti limevimba, hawezi. Wengine wana zamu. Nimesaini jina langu, nafasi ya mwenzangu nikaiacha wazi, nikaenda. Mlinzi akatazama pembeni. Kwa nini? Hilo nalo silielewi.

Jumatano, 12 Juni
Namaliza raundi ya mwisho, namwona Zainabu getini. Ameinama kwenye daftari, anaandika. Aliponiona akalifunga haraka. Mtu mwenye goti bovu anajikokota mpaka getini asubuhi kuandika nini? Jioni kaniletea mihogo ya kuchemsha. Nimeipokea. Sikuila.

Alhamisi, 13 Juni
Tena leo. Sasa nimeelewa. Ananiandika. Kila siku niliyokimbia peke yangu anaiweka mle, na mtihani ukikaribia atalipeleka juu. Nina hasira. Simwachii.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemuwahi. Nilikwenda kwa sajini meja, nikakiri nimekimbia peke yangu siku nne, nikaomba daftari likaguliwe kwa sababu Koplo Zainabu anaandika mambo ndani. Akalifungua mbele yangu. Siku zote nne, kwenye nafasi ya mwenzangu, kuna jina la Zainabu na saini yake. Hakuna kingine.

Alikuwa ananifunika. Mimi ndiye niliyemfunua.

Kusaini uongo ni kosa. Kafutwa kwenye orodha ya kozi, na siku kumi za kufagia uwanja. Mimi nimepewa onyo la mdomo, eti kwa kuwa nimekuja mwenyewe. Nikasema, "Afande, alikuwa ananisaidia, kosa ni langu." Akasema, "Umeshasema ya kwako, Koplo. Toka."

Jumatano, 19 Juni
Amri ya wawili wawili bado ipo. Nimekaa getini tangu saa kumi na mbili na suruali yangu ya kuazima. Wamepita wanne, kila mmoja nimemwomba tukimbie. Mmoja anaumwa, mmoja ana zamu, wawili wameendelea na njia yao. Wana haki. Nimerudi chumbani. Nyuma ya ukuta nasikia Zainabu anakohoa vumbi la uwanja. Nimeinuka mara mbili kwenda kugonga mlango wake, mara mbili nimekaa.

Ijumaa, 21 Juni
Nimepita. Kwa sekunde nne. Sajini meja kanipa mkono.

Zainabu alikuwa pembeni ya uwanja na fagio lake. Nikamfuata, nikamwomba anisamehe. Akasimama wima, mguu mmoja haukanyagi vizuri. "Hongera, afande," akasema. Miaka mitatu tumekaa ukuta mmoja, hajawahi kuniita afande. Kisha akaniomba nisogee, maana nilikuwa nimesimama mahali ambapo bado hajafagia.