Mgeni Anayekohoa Kwenye Kila Slaidi

Sahibu, haki ya Mungu hii ni kweli tupu, sijatia hata chembe ya chumvi!

Kuna mzee jirani yangu, mstaafu, mkewe alishatangulia. Binti yake akimwambia ahamie kwake, hujibu, "Nyumba imejaa wageni, mwanangu."

Leo kamtumia slaidi za picha za nyumbani. Kajifunza mwenyewe kuzitia sauti! Anasimulia, na nyuma yake kabandika vicheko vya watu alivyookota mtandaoni.

Binti kapiga simu. "Baba, mbona kila slaidi wakishacheka kuna mtu anakohoa? Kikohozi kilekile!"

Kilekile, sahibu!

"Huyo mgeni ana mafua."

"Na slaidi ya mwisho?"

Ya mwisho alisahau kuitia vicheko. Kijiko kinakoroga chai, kisha sauti yake: "Haya wageni wangu, karibuni."

Hakuna aliyeitika. Hakuna, sahibu.

Binti kasema: "Baba, tuliahidiana. Ukinidanganya, unahamia."

Eti unaniuliza, "Jirani gani, nawe nyumba zote zinazokuzunguka ni tupu?"

Haya, umenikamata. Begi nimeshafunga. Njoo uchukue ufunguo, na chai ingali ya moto.