Timazi Kwenye Mguu

Dada mpendwa,

Huku wazima, hata paka kazaa tena. Tangu waliponiunga upya kano ya goti, linakunjika vizuri. Ila unatujua sisi waashi: nilisimama ukutani nikaning'iniza timazi, kamba yetu ya kupimia wima, pajani, nikakuta mguu uliopasuliwa umeachana na kamba vidole viwili. Nikamwendea daktari nimefura kwa hasira. Akaniambia, "Fundi, hebu pima na ule mwingine." Nao vilevile! Kumbe ni matege ya baba.

Basi mguu hauna kosa, dada. Mwenye mguu ndiye mwenye kosa: nawadanganya wewe na mama kwamba nimerudi kazini. Nikishika ngazi tu, naingiwa hofu, naiachia. Kesho msimamizi ananitaka ghorofa ya tatu, la sivyo anachukua mwingine.

Nitapanda. Mama asijue kitu mpaka nishuke.

Mdogo wako