Mistari Saba Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia uani, nimetwanga mtama, nimepika uji. Mgeni katoka gerezani asubuhi, kama wageni wote wa nyumba hii. Ila huyu ni Issa, mwanangu wa kumzaa. Miaka sita. Kakonda, shingo kama ya kuku. Kaniamkia shikamoo kama mtu asiyenijua. Nimechora mstari wa kwanza mlangoni kwa chaki.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumba hii ya Lisekese marehemu mama aliianza na mtu mmoja, aliyetoka jela, kwao wakamkataa, akawa analala sokoni. Mama akampa mkeka, akamwita mjomba wa mtu huyo aje amwage unga wa mtama kizingitini. Asubuhi unga ukakutwa haujaguswa, ndiyo ishara kwamba mizimu imemsamehe. Mtu karudi kwao. Tangu hapo wamekuja wengi, hata kutoka Newala.

Sheria ya mama: amwage mjomba tu. Asipotokea siku saba, mtu aondoke, apishe mwingine. Nimeisimamia miaka ishirini. Nimewatoa wanaume wazima wanalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nampigia kaka Bakari, mjomba wake Issa, Newala. Hapokei. Kapokea wifi, kasema yuko mikoroshoni anapuliza salfa. Si uongo, ila si hilo tu.

Issa alilewa uraka, akampiga Hamisi kwa mchi. Hamisi hakuamka. Mtoto wa kaka, wa pekee. Nitamlaumu vipi kaka? Lakini namlaumu. Namlaumu sana, jamani.

Jumapili, 10 Agosti

Mstari wa saba. Jirani yangu Mama Zuhura kasema, "Ongeza siku, shoga. Nani atajua?"

Nitajua mimi. Watajua niliowafukuza. Issa katusikia. Kafunga mfuko wake mwenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaondoka. Bodaboda mpaka Mkomaindo, halafu kapanda basi. La wapi, hakusema. Simu hana. Mlango nimemfungulia mimi. Uchungu wa kumzaa haukufika hapa. Mama gani mimi?

Jumanne, 12 Agosti

Kaka kaja! Nguo za shamba, salfa kwenye nyusi, kikapu cha unga mkononi.

"Yuko wapi mpwa wangu?"

Nikamwonyesha mlango. Kaihesabu mistari kwa kidole. Kasema kila asubuhi alivaa viatu, akavivua. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Tukalia, yeye Hamisi wake, mimi Issa wangu, mwishowe sijui nani alimlilia nani. Kikapu kakiacha.

Ijumaa, 22 Agosti

Issa hajapiga.

Leo kaja mwingine kutoka gerezani. Mtu mzima, anakohoa. Kaniuliza ana siku ngapi. Mlango nimeshaufuta kwa kitambaa kibichi, chaki nimeitupa chooni. Kikapu cha kaka kiko juu ya kabati, nimekifunika. Nimemwekea uji, nikamwambia anywe ungali moto.