Dume la Nyumbani

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua hayaniachi, kwa sababu chumba cha mashine hapa maabara kinapozwa mwaka mzima. Mashine zinatunzwa kuliko sisi. Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza tena kupanda juu ya paa kuziba mabati mwenyewe, nami nimemshauri afiche ngazi. Mpe shikamoo yangu, na usimkasirikie kwa kunisimulia.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini ndama wetu wanazaliwa hawawezi kusimama na wanakufa kabla ya wiki kwisha. Pia unataka nikutafutie jina la mtu aliyemharibia dume lako Jemadari Mdogo, akakataliwa na kituo cha uhimilishaji, kinachosambaza mbegu za madume, wakati wakaguzi walikuja hadi zizini wakamsifu. Unasema una hakika ni jirani mwenye mashine ya kusaga, na kwamba sasa hata salamu hampeani. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukikasirika hukata. Barua haikatiki, basi niruhusu nianze na ndama.

Zile nywele za mikia ulizonitumia nimezipima zote. Kila mnyama hurithi nakala mbili za vinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa na kasoro, ile nzima huifidia. Lakini baba na mama wakiwa ndugu, ndama huweza kupata kasoro ile ile pande zote mbili, asibaki na cha kumtetea. Ng'ombe wako, Baba, wana vipande virefu vya vinasaba ambavyo pande zote mbili ni sawasawa kabisa. Ni ndugu waliooana na ndugu, miaka nenda miaka rudi.

Najua utanikumbusha yule mtamba uliyemnunua mnadani, ukarudi umetanua kifua kwamba umeleta damu mpya. Nimempima pia. Marehemu Jemadari, dume lako la zamani, ulimwazimisha kwa kila aliyekuomba, maana wewe si mkono wa birika, akajaza ukoo wake mabonde yote. Basi ulimnunua mjukuu wa dume lako mwenyewe, kwa bei ya mgeni! Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa mashine akachungulia mlangoni. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka ndama wa huyo mtamba, yule ambaye Mama alimfunika gunia jikoni usiku kucha.

Halafu kuna lile baka jeupe la kwenye paji. Kila mara umechagua dume lenye baka, kwa kuwa Jemadari alikuwa nalo, na wasio nalo ukawauza hata kama wana nguvu. Kasoro inayoua ndama imekaa karibu kabisa na kinasaba kinachotia baka hilo, na viwili hivyo husafiri pamoja. Hukujua, na hakuna ambaye angejua kwa macho. Jemadari Mdogo ana nakala moja mbovu na moja nzima, ndiyo maana ananawiri. Angeingia kituoni, mbegu zake zingepelekwa kwa maelfu ya ng'ombe, wengi wao wajukuu wa Jemadari, na ndama wangeanza kuanguka kwa watu wenye ng'ombe mmoja tu.

Sasa lile jina. Jirani hana kosa lolote, Baba. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi.

Kamati ya kuteua madume ya kituo, ambayo maabara yetu huipimia vinasaba, ilikaa picha ya Jemadari Mdogo ikiwa mezani. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona mgongo ulionyooka namna ile, akanitania kwamba mtoto wa mwenye dume asimame atoe shukrani. Nilisimama. Nilisema dume ni la baba yangu, nalipenda, na lisichukuliwe, kisha nikawaonyesha vipimo. Baadaye mkuu wangu aliniuliza kwa nini sikuwaachia wengine waligundue. Nilimjibu kwamba wangeligundua kwa mizoga ya ndama wa watu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini. Iliniuma kwa ajili yako, maana najua umeingoja siku ile tangu ujana wako. Lakini wakiniuliza tena kesho, nitasema yale yale. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: ni wewe uliyemkimbilia mnunuzi barabarani kumwambia ng'ombe aliyemlipia anakohoa, nami nikiwa nyuma yako nimeshika kamba.

Nimeomba likizo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitafika na mtungi wa mbegu za dume la aina yetu hii hii, kutoka mbali ambako Jemadari hakufika. Sitaki ukoo wake upotee. Una uwezo wa kuhimili kupe ambao sijauona katika kundi jingine, na huo nitaupigania kama nilivyopigana kumkataa Jemadari Mdogo. Yeye itabidi ahasiwe. Nimeandika na sifuti.

Kabla sijaja, peleka mahindi kwa jirani yakasagwe. Sikulazimishi kusema mengi, salamu yatosha, na Mama atapumzika ile safari ndefu ya kwenda kusagisha kwingine.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Nikikukuta umenuna, nitakuamkia hivyo hivyo. Nikikuta umenifungia mlango, nitaanzia zizini, maana yule mtamba wa mnadani atapata joto la kutaka dume karibuni, naye hatatungoja tumalize ugomvi.

Akupendaye na aliyekukatalia,
Kifungua mimba wako