Sifuri Moja kwenye Ruta ya Kilwa

Jumatatu, 4 Machi
Malalamiko tena. Dokta Ngoy, hapa hospitalini Lubumbashi, amefungua ekografi, picha ya tumbo la mama mmoja mjamzito, kutoka kituo chetu cha Kilwa kule ziwani, ikakatikakatika. Akaona nusu ya mtoto. Laini ya intaneti ya kwenda Kilwa ni nyembamba na wote tunapita humo humo: ripoti, mikutano, video za kuchekesha. Nimemwomba mkuu wangu wa kazi ya mtandao, Mama Angélique, ruhusa ya kuitengea ekografi nafasi yake. Kwenye kila mlango wa ruta, mashine inayogawa laini, naandika kikomo: kiasi hiki kinaweza kutengwa. Picha ikiomba zaidi ya hapo, ruta inaikataa. Amekubali. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 5 Machi
Vikomo siku nzima. Ruta ya hapa Lubumbashi kwanza, kisha ya Kilwa, kwa mbali. Nimejaribu na Sadiki, muuguzi wa kule. Sauti tu, maana mashine ya picha ilikuwa na mgonjwa. Sauti safi kabisa. Nimefunga kazi saa kumi. Najivuna, nakiri.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Watu wa ofisi wamenuna, video zao zimekuwa nzito. Sijali. Nimekula bukari na sombe, kisha kulala.

Alhamisi, 7 Machi


Saa nne asubuhi Kilwa waliita. Mke wa mvuvi, mimba ya tano, anatoka damu. Mtoto amelala mkingamo. Barabara ya kuja huku imekatwa na mvua. Daktari wa kule ni kijana, hana hata mwaka kazini, na alitaka Dokta Ngoy aone kondo la nyuma limekaa wapi kabla hajapasua. Dokta Ngoy akakaa mbele ya kioo. Kioo cheusi.

Ruta iliandika neno moja: imekataliwa.

Nikakagua ruta. Ya kwetu ilikuwa sawa. Ya Kilwa haikunijibu, laini ilikuwa imejaa. Nikampigia Sadiki. Achukue kompyuta ya ofisi, achomeke waya kwenye ruta, anisomee anachokiona. Hajawahi kugusa kitu kile maishani mwake.

"Mama Clémence, hapa iko mbili, zero, zero."

Mia mbili. Nilitaka elfu mbili. Mimi ndiye niliyeandika, kwa vidole vyangu. Sauti inapita kwenye mia mbili, ndiyo maana jaribio la Jumanne lilinidanganya. Picha haipiti.

"Ongeza zero moja, Papa Sadiki."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Nilimtajia amri herufi kwa herufi. Alikosea mara mbili. Mara mbili akafuta, akaanza upya, bila kupandisha sauti. Nyuma yake nilimsikia yule mama akiita jina la mtu. Nilijichukia.

Kisha Sadiki: "Picha iko inaenda! Munaiona?"

Tuliiona. Dokta Ngoy aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akamwambia daktari wa Kilwa: "Kondo iko mbele, chini. Usikate pale. Panda juu."

Nilitoka nje kwenye korido. Sikuweza kuangalia. Nilisali kama ninavyojua, bila mpangilio.

Saa sita kasoro Sadiki alipiga. "Mutoto mwanamuke. Bote bako bazima."

Wazima wote wawili. Aksanti Mungu. Aksanti Sadiki.

Ijumaa, 8 Machi
Ningeweza kusema ni mvua iliyozuia picha. Kila mtu alishasema ni mvua. Mama Angélique mwenyewe alikuwa ameanza kuiandika hivyo kwenye ripoti. Nikamwambia hapana, ni mimi, sifuri moja. Kalamu yake ikasimama. Nilidhani nimepoteza kazi.

Aliniuliza nani alikuwa nami nilipoandika. Hakuna. Akasema tangu leo hakuna anayeandika kikomo peke yake, mwingine lazima asome, na jaribio lifanywe kwa picha yenyewe. Akafuta neno mvua. Basi. Nilikwenda chooni nikalia.

Nilimwambia Dokta Ngoy pia. "Hata miye nilishakosea, mama. Sikusema. Weye ulisema." Akaenda kuona wagonjwa wake.

Jumamosi, 9 Machi
Nimerudi kazini ingawa si zamu yangu. Tumepitia milango yote, mimi na mwenzangu Patrick, yeye akisoma, mimi nikisahihisha. Kosa jingine hatukulipata. Sadiki alishika mashine upande wa pili, tukatazama picha dakika kumi, haikukatika. Amesema mama amekunywa uji na ameuliza nani aliyesaidia. Sadiki alitaja jina langu. Nimemwambia ataje na kosa langu. Amecheka, amekataa.

Jumapili, 10 Machi
Misa ya kwanza. Nimeimba kwa sauti, watu wa mbele wakageuka. Nikarudi, nikafua, nikaanika, nikalala mchana kama mtoto. Mvua ilikuja sikuisikia. Nilipoamka, jirani alikuwa ameanua nguo zangu zote na kuzikunja, ameziacha kitini mlangoni. Zimekauka.