Beberu Asiye na Mama

Mdogo wangu Rajabu,

Nakusalimu kutoka Doha, ambako jua linachoma mpaka usukani haushikiki. Leo nimempeleka bosi shambani Umm Salal kununua beberu wa mbegu ya maziwa. Beberu nimemkuta kalala chumba chenye kiyoyozi, mimi kwangu feni. Muuzaji akatuonyesha picha za baba na babu wa beberu huyo.

Nikauliza, "Na mama yake? Maziwa ni ya mama; tuone kiwele."

Akacheka, akatumiminia kahawa. Bosi akanunua!

Sasa nina wasiwasi. Ulisema utamhasi beberu wetu kwa sababu umepata wa kisasa. Huyo, mama yake ulimwona akikamuliwa? Au na wewe ulinyweshwa kahawa?

Nawapenda nyote. Koleo la kuhasia mpe Mama alifiche.

Kaka yako,
Hamisi