Karatasi Tulizokunywa

Bibi yangu mpenzi,

Jana wifi alinipigia simu kutoka Ghubra. Mtoto wake ana homa siku ya tatu, na anataka zile karatasi zako achovye moja kwenye maji, kama ulivyokuwa ukitufanyia sisi. Nilimwambia sijui ziko wapi. Nilisema uongo, Bibi. Ziko hapa mezani, zimefunuliwa.

Ulipohama Unguja kuja Maskati ulizibeba kifuani, ukaziweka juu ya kabati pamoja na msahafu. Kila Alkhamisi ulizifukiza ubani. Tukiugua, ulichovya pembe ya mojawapo kwenye gilasi, imekunjwa vilevile. "Kunywa, mwanangu. Dua za babu yangu hizi, kaziandika vitani. Usizifunue, zina uzito." Nilikunywa nikapata nafuu, maana ulikuwa umenishika mkono.

Wiki iliyopita, ulipotimiza mwezi kaburini, nilizifungua. Si dua. Ni barua za babu yako, askari wa Sultani, alizomwandikia mama yake kutoka bara. Zote zinaanza na Bismillahi, kisha ni Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Anaomba kahawa, analalamika miguu inamuoza. Halafu hii: "Mji wao tumeutia moto alfajiri, hakusalimika ila mtoto mmoja wa kike. Nakuletea akusaidie kazi. Mwite Tausi."

Tausi, bibi yako aliyekulea. Baadaye askari huyo alimwoa, akamwambia karatasi hizi ni dua, asizifunue. Naye hakujua kusoma. Ulitusimulia mwenyewe kwamba kila akishikwa na homa alikunywa maji yake. Alikunywa moto wa kwao mpaka akafa, huku akimwombea rehema aliyeuwasha.

Lakini wewe herufi hizo ulizijua, ulikuwa ukikhitimu msahafu kila Ramadhani. Je, uliwahi kuzisoma? Nakumbuka hukunywa hata tone, ulisema dawa hiyo ni ya watoto. La kuvunda halina ubani, hukuacha kutuambia, na wewe ndiye uliyekuwa ukifukiza. Nimekukasirikia, Bibi, na bado nakutafuta kila nikisikia harufu ya udi.

Leo nakwenda Ghubra. Mtoto nitampa maji matupu na kumsomea Fatiha. Halafu nitawakalisha wote niwasomee barua hiyo ya babu yako mpaka mwisho, wakinichukia wanichukie. Bibi yako hakupata wa kumsomea.

Mungu akurehemu. Mimi bado sijaweza.

Mjukuu uliyempa jina lake,
Tausi